Mkono wa Kushoto wa Guka

Naikumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, naikumbuka kuliko siku niliyoingia shule na, marehemu mume wangu anisamehe, kuliko hata siku aliyonioa. Ilikuwa huko juu Mau Narok, wakati wa likizo. Ukungu wa kule ukishuka unashuka kweli. Ng'ombe unamsikia kabla hujamwona. Guka, yaani baba yake mama yangu, alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni na kodiani yake magotini, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma chenye mikunjo katikati, vibao upande wa kulia na vitufe upande wa kushoto. Alikuwa amemaliza chai yake. Akanitazama, akavua mikanda mabegani mwake, akanivisha mimi.

"Kaa wima," akasema. "Hii kitu ukiiinamia haiwezi kupumua."

Sikuwa nimewahi kuigusa. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na mjomba wangu alikuwa amewahi kuchapwa kwa sababu yake. Nilikuwa msichana mdogo, mwembamba, na ile kodiani ilinifunika kuanzia kidevuni hadi magotini. Ilinuka moshi na ngozi ya mbuzi, kwa sababu mikunjo ilikuwa imetoboka mahali na Guka mwenyewe ndiye aliyeibandika kiraka. Nikavuta. Ikalia kama ndama. Guka hakucheka.

"Vuta tena," akasema, "polepole, kama mtu anataka kulala."

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu siku hizi na vyombo vyenu mgongoni, swali lenu la kwanza huwa ni moja: huu muziki wako ni wa wapi? Mnauliza kwa heshima, najua. Lakini jibu lake si fupi, na siwezi kuanzia kwenye muziki. Lazima nianzie kwa watu.

Nilizaliwa Bondeni, hapa hapa Nakuru, kwenye zile nyumba za baraza la mji zilizojengwa kwa mstari, ambapo ukikohoa jirani anakupa pole kupitia ukutani. Baba yangu, Salim, alikuwa fundi cherehani. Aliletwa Nakuru akiwa mtoto, baba yake alipopata kazi ya reli, na kwao ni Mombasa. Mama yangu alizaliwa Wambui, binti wa mkulima wa Mau Narok. Alikuwa akishuka mjini na mama zake wadogo kuuza viazi sokoni, na siku moja akapeleka sketi yake ikafupishwe kwa fundi mmoja mpole wa Bondeni. Sketi ilichukua muda mrefu sana kufupishwa. Baba alikuwa akisema alilazimika kuishona, kuifumua na kuishona tena, ili yule msichana arudi kuiulizia.

Mama alisilimu, akaitwa Maryam, wakaoana. Guka hakuja harusini. Alikuwa mtu wa kanisa, na alisema binti yake amemwaibisha mbele ya watu waliomlea. Tangu hapo hakukanyaga Bondeni. Sisi wajukuu alitupenda. Mimi na kaka yangu alitupokea kila likizo na kutunyima kitu hakuweza. Lakini jina la baba yangu halikutajwa katika nyumba ile. Akitaka kujua hali yake alikuwa akiuliza, akiangalia pembeni, "Na wale wa kule chini wako aje?"

Kule chini, sasa, ndiko alikokuwa bibi yangu mwingine, Bibi Mwanakombo, mama yake baba. Huyo ndiye muziki wangu wa kwanza. Alikuwa mwimbaji wa harusi, na hakuna bi harusi wa Kiislamu aliyetolewa nyumbani kwao katika mji huu bila sauti ya Bibi kumsindikiza. Sauti nene, ya tumboni. Alikuwa akikata vitunguu anaimba, na neno moja tu analishika, analizungusha, analipandisha, analishusha, mpaka mimi mtoto ninasahau kilichonileta jikoni. Baba naye alikuwa na redio juu ya rafu, juu ya cherehani yake, na ikipigwa taarabu miguu yake ilikanyaga cherehani kwa kufuata ngoma. Unaweza kujua wimbo gani umepigwa kwa kuangalia mishono ya suruali.

Na mama? Mama alikuwa akipika peke yake anavumisha nyimbo za kwao, chini kwa chini, bila maneno. Akisikia mlango unafunguliwa, ananyamaza. Hakuna aliyemkataza. Nadhani alijikataza mwenyewe.

Watoto wa mtaa waliniita Nusu Mkate. Huko Mau Narok waliniita Mswahili. Majina ya watoto hayaui mtu, lakini yanakufundisha kuangalia nyuso za watu kabla hujafungua mdomo, na hilo ni somo baya.

Basi, turudi kwa kodiani. Guka aliipata kwa rafiki yake aliyerudi nayo kutoka vitani, na alijifunza kuipiga akiwa kibarua kwenye mashamba ya ngano. Jumamosi mchana, wakati wa mavuno, watu walikusanyika uani kwake kucheza mwomboko, ile ngoma ya Wakikuyu. Sijui kama umewahi kuona mwomboko ukichezwa na watu wanaoujua. Wanaume wamevaa makoti, wanawake wamejitanda, wanashikana wawili wawili, wanakwenda hatua chache, wanapinda magoti kidogo, wanageuka. Hakuna haraka. Kando ya mpigaji kodiani anakaa mtu mwenye duara la chuma kidoleni, karing'aring'a, analigonga kwa kipande kingine cha chuma, na huo mlio ndio unaoshikilia kila kitu. Kasisi wa pale hakuupenda mchezo huo, lakini nyumba yake ilikuwa mbali kiasi cha kutosha, na Guka alisema mzee wa watu ana matatizo ya masikio siku za Jumamosi tu.

Alinifundisha likizo baada ya likizo. Hakujua kusoma noti na hakuona haja. Jambo alilolirudia mpaka nikalichoka ni mkono wa kushoto.

"Huu wa kulia ni mdomo," alikuwa akisema. "Huu wa kushoto ni miguu. Mdomo ukinyamaza, watu watacheza tu. Miguu ikinyamaza, wataenda kwao."

Siku moja alikuwa nje anakamua, nami nikawa peke yangu na kodiani. Mkono wa kulia ukaanza kutafuta wimbo wa Bibi, ule wa kumtoa bi harusi. Sikuupanga. Vidole vilijikuta huko. Na mkono wa kushoto, kwa kuwa haukuwa umefundishwa kitu kingine, ukaweka miguu ya mwomboko chini yake. Nikaupiga mpaka mwisho, nikageuka, nikamkuta Guka mlangoni na ndoo ya maziwa.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya Bibi."

"Bibi wa kule chini?"

"Ndio, Guka."

Nilifikiri atanivua mikanda. Kisha akaweka ndoo chini.

"Anajua kuimba huyo mama," akasema. "Cheza tena."

Kwa miaka kadhaa mambo yalikuwa hivyo. Guka akawa anaujua wimbo wa mwanamke ambaye hajawahi kumwona, na Bibi hajui kama wimbo wake unapigwa kwenye baridi ya Mau Narok katikati ya mifuko ya viazi. Angalau ndivyo nilivyodhani.

Nilipokuwa msichana mkubwa, shangazi yangu Rukia, dada mdogo wa baba, akachumbiwa. Bibi alitaka harusi ya kukumbukwa, kwa sababu Rukia alikuwa kitinda mimba wake. Kundi la taarabu likaagizwa kutoka Mombasa, na jamaa wengi wa pwani wakaahidi kupanda kuja. Siku chache kabla ya harusi habari zikafika kwamba kiongozi wa kundi amefiwa na mama yake na hawawezi kuja. Ingekuwa zamani, Bibi angeimba mwenyewe na watu wasijue kuna pengo. Lakini mwaka huo kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua. Akiimba ubeti mmoja anashika ukuta.

Tulikuwa tumekaa chumbani. Rukia alikuwa analia kwa kujificha kwenye kanga. Bibi akasema, kama anayetaja kitu kilichokwisha kupangwa, "Zuhura atapiga."

Kila mtu alinigeukia. Baba akauliza nitapiga nini, maana nyumbani kwetu hakukuwa na chombo chochote. Mama alikuwa anaangalia sakafu. Bibi akamwambia, kwa upole sana, "Maryam, mtume mtoto kwa baba yako."

Nilipanda na lori la viazi lililokuwa likirudi tupu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta Guka akipalilia, nikamweleza yote palepale shambani, harusi, msiba wa kiongozi wa kundi, kifua cha Bibi. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Nilipomaliza akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta, akarudi na tuta jingine. Nilidhani hilo ndilo jibu.

"Kodiani haitoki hapa bila mimi," akasema hatimaye, na akaenda kunawa mikono.

Ninataka umwone, mwanangu, vile alivyofika Bondeni. Jua la Nakuru linawaka, na yeye amevaa lile koti lake zito la sufu na kofia, kodiani ameikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Mama alikuwa uani anaosha mchele kwenye karai. Alimwona, akasimama, mikono inachuruzika maji.

"Baba."

"Wambui."

Hakuna aliyeitwa kwa jina hilo nyumbani kwetu kwa miaka mingi, na hakuna aliyemrekebisha. Baba yangu akatoka mbio chumbani na utepe wa kupimia bado uko shingoni. Akamwamkia shikamoo, akiinamisha kichwa. Guka akaitikia. Halafu akachungulia ndani, akaiona cherehani.

"Hii ndiyo ilifupisha ile sketi?"

Baba hakujua kama acheke au aombe msamaha. Mama ndiye aliyecheka kwanza, na huku anacheka machozi yanamtoka, akarudi kwenye mchele wake haraka haraka.

Harusi ilikuwa mchana. Turubai lilifungwa uani, wanawake wameketi kwenye mikeka, wanaume wamepangiwa viti upande wa lango. Wageni wa pwani walikuwa wamependeza, dhahabu mpaka kwenye viwiko. Mbele kabisa aliketi Bi Mwanaisha, binamu yake Bibi, mama mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyesikiliza taarabu maisha yake yote na hakusita kukuambia hivyo. Mimi nikawekewa kiti katikati. Guka alikuwa mbali, kwenye viti vya lango, kati ya wanaume asiowajua, kofia magotini.

Nikaanza. Nilipiga wimbo mmoja wa taarabu niliousikia redioni mara nyingi. Sikuwa nimefika katikati nikamsikia Bi Mwanaisha akimwambia jirani yake, na hakunong'ona, "Hii kodiani imeletwa kutoka shamba na matope yake."

Wachache walicheka. Nilijua wanachokicheka. Ni mkono wa kushoto. Ni ile miguu ya mwomboko chini ya wimbo wao. Basi nikaipunguza. Wimbo wa pili nikaipunguza zaidi. Wimbo wa tatu mkono wa kushoto ulikuwa unashika kodiani tu isianguke. Nilikuwa napiga kila kitu sawasawa, mwanangu, hakuna kosa hata moja ambalo ungeweza kulionyesha kwa kidole, na muziki ulikuwa umekufa. Wanawake wakaanza mazungumzo yao, nani ana watoto wangapi, nani amehamia wapi. Rukia alikuwa ameinamisha macho ndani ya mapambo yake. Nikatupa jicho langoni. Guka alikuwa anaangalia kofia yake.

Nikahisi mkono begani. Alikuwa Bibi. "Njoo," akasema, na kuwaambia wageni kwamba mpigaji anakwenda kunywa maji.

Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye masufuria ya pilau. Moshi ulikuwa unamkereketa, lakini hakutaka tusikiwe na watu.

"Mkono wa kushoto umeumia?"

"Hapana, Bibi."

"Basi mbona umeuficha?"

Nikamwambia wageni wanasema ni wa shamba.

"Ni wa shamba, ndiyo. Babu yako amekuja nao kutoka shamba. Amevaa koti katika jua hili kwa heshima yetu, ameketi na watu asiowajua, na wewe unamfuta mbele ya macho yake." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. Mimi nilikuwa nimeanza kulia. Hakunibembeleza. "Nisikilize, mjukuu wangu. Unapiga kama mgeni aliyeambiwa aketi, akabaki amesimama mlangoni. Hapa kwangu wewe si mgeni. Kule kwa babu yako si mgeni. Sikukuita unipigie nusu. Ningetaka nusu ningeweka redio."

"Sasa nipige nini?"

"Piga ule wangu wa kumtoa bi harusi. Upige kama unavyoupiga kule juu."

Nikamwuliza amejuaje kwamba naupiga kule juu.

"Mama yako aliniambia kitambo," akasema. "Aliniambia babu yako anaujua wote. Unadhani nilikutuma kule bure?" Akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, kwa nguvu kidogo, kama anayefuta meza. "Haya. Watu wanangoja."

Nikarudi. Nikakaa wima. Nikaanza na mkono wa kushoto peke yake, miguu tu, hatua chache na kugeuka, hatua chache na kugeuka, mpaka mazungumzo yakapungua. Ndipo mkono wa kulia ukaingia na wimbo wa Bibi. Wanawake wa Nakuru waliutambua mara moja, kwa maana wengi wao walitolewa kwao kwa wimbo huo. Wakaanza kuitikia. Halafu nikasikia chuma. Sikuhitaji kugeuka. Guka alikuwa ametoa karing'aring'a mfukoni mwa koti, akawa anaigonga pale pale alipoketi, na ndipo nilipojua kwamba yeye pia alikuja akitarajia kitu.

Bibi alijivuta mpaka kwenye mkeka, akachukua kigoma kidogo, akakiweka mapajani. Kifua hakikumruhusu kuimba lakini mikono ilikuwa mizima. Yeye huku, Guka kule langoni, mimi katikati. Hawakuwa wamesalimiana bado.

Kisha mama yangu akatoka jikoni. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, mikono ina unga. Sijui alifikiria nini. Sikuwahi kumwuliza na sasa nimechelewa. Alimshika Rukia mkono, akamwinua katika mapambo yake yote, wakaanza kucheza mwomboko. Mama alikuwa anajua kila hatua. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anavumisha nyimbo zake jikoni, na miguu haikusahau chochote. Wanawake wakapisha nafasi. Nilimwona Guka amesimama ili amwone binti yake vizuri juu ya vichwa vya watu, na chuma kikamponyoka mara moja, akakikosa, akakidaka tena.

Nilipomaliza, Bi Mwanaisha alikuwa anajipepea. Alikuwa amecheza pia, akiwa amekaa, mabega tu. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa. "Ni nzuri," akasema, "lakini hii si taarabu."

"Si taarabu," Bibi akamjibu. "Na si ile ya kina babu yake pia. Hii ni yetu ya hapa Bondeni. Kula pilau, dada."

Baadaye watu walipokuwa wakila, nilimwona Guka ameketi kwenye sinia moja na baba yangu. Nilikuwa karibu, nagawa maji ya kunawa, kwa hiyo nilisikia. Walikula kwanza. Kisha Guka akasema, bila kumtazama, "Salim, nimekaa sana bila kuja."

Baba akamsogezea kipande kizuri cha nyama. "Umefika, Baba. Hilo linatosha."

Hayakuwa mazungumzo marefu, na hawakuwahi kuyarudia. Guka alipoondoka jioni ile hakubeba kodiani. Nilimkimbilia nayo langoni. Akasema, "Wacha ikae hapa. Huko juu ukungu unaiharibu." Ukungu ulikuwa umeivumilia miaka yote hiyo, lakini mzee akikupa sababu, unaipokea.

Alianza kuja mara kwa mara. Yeye na Bibi wakawa wanabishana kuhusu mwendo wa nyimbo, Bibi akitaka taratibu, Guka akitaka watu wasilale, mimi nikibaki katikati na kodiani nikingoja wakubaliane. Bibi alipofariki, Guka alifuata jeneza mpaka makaburini, kofia mkononi, midomo imefungwa kwa sababu hakuzijua dua. Alisimama mpaka udongo wa mwisho. Na alipofuata yeye, baba yangu alipanda Mau Narok, akasimama vivyo hivyo kwenye kaburi la Mkristo.

Mimi nimekula kwa mkono huo wa kushoto maisha yangu yote. Nimepiga harusi za Waislamu na za Wakristo, nimepiga hotelini kule Kikopey siku za Jumapili, moshi wa nyama choma unaingia kwenye mikunjo mpaka kodiani inanuka kama duka la bucha. Kila mahali kuna aliyeniambia nipunguze kitu. Kule, punguza Uswahili. Huku, punguza ushamba. Sikupunguza. Wengine hawakuniita tena. Wengine walinifuata mpaka nyumbani kuniuliza nitakuwa wapi wiki ijayo.

Juzi kijana mmoja mwenye studio hapa mjini, wanamwita Brayo, aliniomba nirekodi. Mtoto mzuri, ana adabu, huniita mathe, yaani mama, ingawa suruali yake inahitaji fundi kama baba yangu. Tulipomaliza akakuna kichwa.

"Mathe, sasa hii tuite aje? Lazima niiweke kwa aina fulani. Taarabu? Kikuyu? Ama nini?"

Nikamwambia sijui. Akafikiri, akachukua simu, akasema kuna kitu nimemkumbusha. Akanionyesha watu weusi wa Amerika, mahali panaitwa Luisiana. Mzee mmoja amevaa kofia, ana kodiani kifuani, na kando yake kuna mtu aliyevaa bati lenye mikunjo kama fulana, analikwaruza kwa vijiko. Brayo akaniambia muziki huo unaitwa zaideko, na watu wenyewe wanaitwa Wakrioli, damu yao ya Afrika imechanganyika na ya kwingine kwingi, lugha yao hivyo hivyo, na huyo mzee alijifunza kwa baba yake kwenye mashamba na karamu za nyumbani.

Nilitazama mpaka chaji ikakaribia kwisha. Simfahamu yule mzee na lugha yake siielewi. Lakini nilitazama mkono wake wa kushoto, na nikajua kwamba kuna mtu aliwahi kumketisha jikoni na kumwambia akae wima. Nikasikia yule wa bati, nikasema, "Huyo ni karing'aring'a." Brayo alicheka sana.

"Kumbe mko wengi, mathe," akasema.

Tuko wengi. Nikamwambia asiandike aina ya muziki. Aandike jina langu, na la baba, na la mama, na la Guka na la Bibi, na Bondeni. Atakayetaka kujua zaidi, mlango wangu uko wazi.

Basi sikia ninachokuambia, mwanangu, na unisamehe kwa kuzunguka. Waulize watu wako wakiwa hai. Mimi sikumwuliza mama aliwaza nini siku ile, na leo ningetoa chochote nipate jibu. Jua nani alikupa sauti na nani alikupa mwendo, na ukisimama mbele ya watu, wataje. Ukiwa umezaliwa na nyumba mbili, au tatu, au hujui hata ni ngapi, usikubali mtu akuchagulie moja. Atakayekucheka kwa sababu ya upande mmoja, mwache acheke. Usiukate ili umpendeze, kwa sababu ukiukata hata yeye hatakusikiliza. Na mzee akikukemea nyuma ya nyumba kwenye moshi, futa machozi urudi ukafanye alivyosema. Kisha fanya mazoezi. Hayo mengine yote hayafai kitu bila mazoezi.

Mungu akufungue masikio na akutunzie mikono. Wazazi wako wayaone matunda ya kazi yako wakiwa bado na nguvu za kusimama. Akupe nyumba inayopokea watu wa kila upande, na siku watakapoketi pamoja wakikosa la kuambiana, uwe na kitu cha kuwapigia.